Yatima Akaribishwe Wapi?

Wema ni jina linalopendwa na watu wote, na kwa sababu hiyo matendo mengi hujivika jina hilo bila kuulizwa maswali. Mtu akisema, "Nimejenga makao ya mayatima," ni nani athubutuye kumpinga? Tunampa mkono, tunamwombea baraka, na tukiwa na senti mfukoni tunamchangia. Mimi nataka, msomaji, kufanya jambo lisilopendeza: nataka kumwuliza. Nasema kwamba hapa kwetu Kakamega, na katika sehemu nyingi za Kenya, makanisa yamejifunza kuwakaribisha watoto waliofiwa kwa njia ambayo mara nyingi inawatenga. Kanisa linalomwondoa mtoto kwa jamaa zake ili limtunze, hali jamaa hao wapo na wangeweza kusaidiwa, halijamkaribisha mtoto huyo. Limemhamisha.

Najua maneno haya yatawaudhi watu wema. Katika makao hayo wamo akina mama waliokesha na watoto wagonjwa wasiowazaa, na wamo wachungaji waliouza ng'ombe wao ili watoto wa wengine wale. Hao siwashitaki, wala sistahili kulegeza gidamu za viatu vyao. Lakini nia njema ya mjenzi haizuii nyumba kuanguka ikiwa msingi wake ni mbaya. Na sisi tumwonao mjenzi akichimba mahali pabaya tuna wajibu wa kumwambia kabla ya kuta kupanda.

Hebu fikiri Jumapili moja katika kanisa lenye makao ya namna hiyo. Watoto thelathini au arobaini wanaingia kwa mstari, wamevaa sare ya rangi moja siku ambayo watoto wengine wamevaa nguo walizonunuliwa sokoni na mama zao. Wana mabenchi yao upande mmoja. Wakija wageni kutoka mbali, watoto husimamishwa waimbe. Wageni huchinjiwa kuku, kama ilivyo desturi yetu njema, na watoto hupigwa picha. Ibada ikiisha, watoto wa jirani hutawanyika kufuata moshi wa majiko ya mama zao. Watoto wale hurudi kwa mstari ule ule, na lango hufungwa nyuma yao. Je, wamo kanisani? Miili yao imo. Lakini katika umati wote ule hakuna mzee hata mmoja ambaye mtoto wa mstari ule aweza kuvuta koti lake na kumwambia, "Babu, nimechoka, twende nyumbani."

Wazo la kuwaweka watoto pamoja katika jengo la dini si la kwetu kwa asili, ingawa lilipofika pwani yetu lilikuwa na sababu kubwa. Mwaka 1868 mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni Bagamoyo, wakawalea watoto waliokombolewa katika utumwa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Freretown, karibu na kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Ni nani atakayewalaumu? Mtoto wa Freretown alikuwa ametekwa bara, ameuzwa, amesafirishwa, na pengine hata jina la kijiji chake hakulikumbuka sawasawa. Hakuwa na mlango wa kurudia. Kanisa lilipomfungulia mlango wake halikumnyang'anya kitu, kwa maana wenye kumnyang'anya walikuwa wamekwisha kupita.

Lakini wamisionari walipofika huku magharibi, Waquaker Kaimosi mwaka 1902, mapadre wa Mill Hill huko Mumias miaka michache baadaye, na Waanglikana Butere mwaka 1912, walikuta watu waliokuwa na jibu lao la kale juu ya yatima. Ndugu ya baba aliitwa baba, na dada ya mama aliitwa mama. Baba mmoja alipokufa, mtoto alikuwa na baba wengine. Sisemi kwamba desturi hiyo haikuwa na kasoro. Kulikuwa na mayatima walionyimwa chakula na walioporwa ng'ombe wa baba zao. Nasema tu kwamba mtoto aliyefiwa alijua ukoo wake, alijua mji wake, na aliyemdhulumu alijua kwamba wazee wangemhoji.

Kisha ukaja Ukimwi. Katika miaka ya 1990 ugonjwa huo uliwaua wazazi wengi mno katika magharibi ya Kenya, hata Novemba 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la taifa. Nyanya aliyelea watoto wake akawazika, akaanza kulea wajukuu akiwa na mgongo uliokwisha kupinda. Hapo makanisa yalijenga makao kwa haraka, kama mtu ambaye nyumba yake inaungua hushika ndoo yoyote iliyo karibu. Sisemi kwamba walikosea walioshika ndoo moto ulipowaka. Lakini dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo zimekwisha kutolewa bure katika hospitali za serikali kwa miaka mingi, na wazazi ambao zamani wangekufa wanaishi, wanalima na kulea. Moto umepungua, nasi tungali tunajenga maghala ya ndoo.

Ukitaka ushahidi, kumbuka Machi 2020. Ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya, serikali iliagiza makao ya watoto yawarudishe kwa jamaa wale watoto waliokuwa na jamaa. Makadirio yaliyotolewa wakati huo yalisema kwamba watoto zaidi ya 40,000 walikuwa wakiishi katika makao nchini. Katika muda mfupi, maelfu kwa maelfu walirudishwa. Wengine walirudishwa kwa pupa bila matayarisho, na jambo hilo lilikuwa baya. Lakini jiulize, msomaji: ikiwa mama, nyanya, shangazi na wajomba wa maelfu hao walipatikana katika siku chache za hofu, walikuwa wapi katika miaka yote ya amani? Walikuwa pale pale walipokuwa siku zote, katika boma zao. Hatukuwaona kwa sababu hatukuwatafuta. Tulimwita mtoto yatima, tukaamini neno letu wenyewe.

Sasa nisikilize hoja za wapinzani wangu, maana si haki kupigana na mtu aliyefungwa kinywa.

Wa kwanza asema: "Nyanya ni maskini. Katika makao mtoto atakula mara tatu, atalala kitandani, atalipiwa karo." Ni kweli kwamba nyanya ni maskini. Lakini tangu lini umaskini wa mlezi ukawa sababu ya kumnyang'anya mtoto? Kama ndivyo, basi nusu ya watoto wa vijiji vyetu wangepelekwa katika mabweni, na wazazi wao wangali hai! Dawa ya umaskini wa nyanya ni kumpunguzia umaskini. Hesabu gharama za makao: ukuta, lango, mlinzi, mpishi, meneja, gari, umeme. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haipiti katika sahani ya mtoto. Fedha hiyo hiyo ikigeuka mabati ya paa la nyanya, karo iliyolipwa moja kwa moja shuleni, mbegu na mbolea ya nusu ekari, ingemlisha mtoto, na nyanya, na binamu wawili ambao makao hayakuwachukua kwa sababu baba yao hajafa. Serikali yenyewe ilianza njia hiyo kwa majaribio mwaka 2004, ikawapa fedha walezi wa mayatima majumbani mwao, na kiasi chake kikafika shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na aghalabu huchelewa. Kwa nini kanisa lisijazie pale ambapo serikali imepunguza?

Wa pili asema: "Wako jamaa wakatili. Humfanya yatima mtumishi, humla shamba lake." Hilo nalo ni kweli, nami nimeliona kwa macho yangu. Lakini mlezi mkatili huogopa nini? Huogopa macho ya watu. Mtoto aliye katika nyumba inayotembelewa na wazee wa kanisa kila juma hapigwi kama mtoto aliyesahauliwa. Tena ukatili haukai katika nyumba za udongo peke yake. Hupenda zaidi mahali penye lango lililofungwa na watoto wengi wasio na wa kumlilia. Na ikiwa kweli jamaa wote ni waovu au hawapo kabisa, kanisa lenye waumini mia tano limekosa nyumba moja ya kumlea mtoto mmoja? Jirani zetu Waislamu wa Mumias wana neno kafala: mtu humchukua mtoto nyumbani kwake, humlisha na kumsomesha, naye mtoto hubaki na jina la baba yake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelitambua jambo hilo, kama ilivyotambua malezi ya nyumbani kwa watoto wa dini zote.

Wa tatu, ambaye kwa kawaida hunong'ona, asema: "Wafadhili hawatoi fedha kwa nyanya. Hutoa kwa jengo lenye jina." Huyu ndiye mkweli kuliko wote, na kwa hiyo maneno yake ndiyo ya kutisha. Maana yake ni kwamba mtoto ameondolewa kwao si kwa sababu inamfaa yeye, bali kwa sababu inaufaa mkono utoao. Ikiwa ndivyo, hatumlei mtoto, tunamwonyesha. Mfadhili mwenye moyo mwema ataelewa akielezwa. Asiyeelewa, fedha yake ni ghali mno.

Labda utasema kwamba mambo haya ni ya moyo tu, na kwamba mtoto akishiba atakua. Wataalamu walilipima jambo hilo. Mwanzoni mwa karne hii, katika mji wa Bucharest nchini Romania, walichukua watoto wachanga 136 waliokuwa katika makao ya serikali, wakawagawa kwa kura: nusu wakapelekwa kulelewa katika nyumba za watu, nusu wakaendelea na malezi kama kawaida. Wakawafuata kwa miaka mingi. Waliolelewa nyumbani waliwapita wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kuwapenda na kuwaamini watu. Na waliotolewa mapema, kabla ya kutimiza kama miaka miwili, ndio waliofaidika zaidi. Mtoto mchanga huhitaji uso mmoja unaorudi kila siku. Wafanyakazi wanaopokezana zamu, hata wawe wapole namna gani, hawawezi kuwa uso huo.

Nao Waingereza, ambao kwao George Müller alianza makao yake ya mayatima mjini Bristol mwaka 1836 na sifa zake zikaenea ulimwenguni, waliuacha mfano huo. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 1948 iliwataka wenye mamlaka wawatafutie watoto nyumba za watu kabla ya kufikiri mabweni. Ni ajabu kwamba sisi tuliokuwa na ukoo tumeokota vazi ambalo wenyewe wamelivua!

Lakini hoja iliyonigeuza mimi sikuipata kitabuni. Niliwahi kumfundisha kijana mmoja aliyelelewa katika makao tangu utoto. Alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri. Alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kuomba kitambulisho, kama nawe utakavyokwenda. Akaulizwa jina la baba, kata, kijiji, ukoo. Alijua jina la makao na namba ya kitanda chake. Alirudi shuleni mikono mitupu, akasimama mlangoni kwangu akaniuliza, "Mwalimu, mtu akiulizwa ukoo wake naye haujui, ajibu nini?" Mimi ambaye kazi yangu ni kujibu maswali sikuwa na jibu.

Wewe uliyezaliwa huku wajua uzito wa swali lile. Kwetu sisi, ukoo ndio unaokuambia usimwoe nani, ni nani atakayesimama nawe siku ya tohara, na utazikwa wapi. Kijana asiyejua ukoo wake huogopa hata kumpenda msichana, asije akawa dada yake. Baadaye ilijulikana kwamba mama wa kijana yule alikuwa na kaka yake upande wa Malava, safari ya matatu moja tu kutoka mjini Kakamega. Tulipomfikia, mjomba alilia. Alisema, "Niliambiwa mtoto amepata wafadhili, nisiende kumsumbua." Miaka kumi na minne mjomba huyo alikaa kwake akidhani anamtendea mpwa wake wema kwa kutomwona; na miaka kumi na minne mpwa wake alidhani hana mtu duniani. Hakuna aliyewatendea ubaya kwa kusudi. Waliotenganishwa hivyo walitenganishwa na wema.

Sasa turudi kwa Kitabu ambacho makanisa yetu yote yanakikiri. Katika Injili ya Marko tunasoma kwamba watu waliwaleta watoto kwa Yesu, wanafunzi wake wakawazuia, naye akachukizwa, akawapokea watoto mikononi mwake. Angalia ni nani waliowaleta: watu wao. Haikuandikwa kwamba Yesu aliwabakiza watoto akawafukuza waliowaleta. Na Yakobo, alipotaka kueleza dini iliyo safi ni ipi, alitaja kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Amewataja wawili hao pamoja, kwa maana walikuwa pamoja, katika nyumba moja yenye njaa. Na kazi aliyotupa ni kwenda kwao. Sisi tumemchukua yatima tukamwacha mjane mlangoni, mikono mitupu, bila mtoto na bila msaada. Ni nani aliyetupa ruhusa ya kuwatenganisha?

Nchi yetu imekwisha kugeuka katika jambo hili. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Sheria ya mwaka 2022 imeweka malezi ya familia mbele na makao nyuma, kuwa kimbilio la mwisho. Na mwaka huo huo ukatangazwa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto katika familia na jamii. Ni aibu kwa kanisa kufundishwa na serikali kazi ambayo Bwana wake aliifundisha kwanza. Lakini sheria haiwezi kumfunika mtoto blanketi usiku. Sheria itafungua lango la makao. Swali ni mtoto atakapotoka, atamkuta nani.

Basi kanisa lifanye nini? Kwanza, mtoto afiwapo, wazee wawili watumwe siku zile zile za matanga, kabla wageni hawajatawanyika, waandike majina ya jamaa wote wa pande zote mbili. Pili, harambee ambayo ingejenga bweni ijenge nyumba za walezi. Tatu, kila mtoto wa namna hiyo apewe familia moja ya waumini, si kumwondoa kwao, bali kwenda huko kila juma, kuketi na kuuliza habari za shule, na kutazama miguu yake kama ina viatu na mgongo wake kama una alama za fimbo. Nne, makao yaliyopo yawe ya muda, kwa mtoto aliyeokotwa usiku au aliyekimbia kipigo, nayo yajisifu kwa idadi ya watoto waliokwisha kurudi katika familia, yasijisifu kwa wingi wa vitanda. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Jengo moja halimlei pia.

Nawe mwanafunzi usidhani kwamba nasema na wazee peke yao. Pengine wewe mwenyewe umefiwa, na unasoma maneno haya ukiwa bwenini au kwa nyanya yako. Kwako wewe nasema: tafuta watu wako. Andika majina ya babu zako, uliza, tembea, hata kama yule umwulizaye ni mzee asiye na kitu cha kukupa ila jina. Jina ni mali. Na wewe ambaye wazazi wako wapo, usimwite mwenzako "yatima" kana kwamba amezaliwa kwa jina hilo. Jumapili mwite aje aketi katika benchi la watu wa kwenu, kati yako na mama yako, na ibada ikiisha usimwage mlangoni.

Miaka michache ijayo ninyi ndio mtakaokuwa wazee wa makanisa haya. Mtaletewa ramani ya jengo jipya, na mgeni mwenye fedha atakuwa ameketi akingoja mpige makofi. Siku hiyo mmoja wenu asimame, aulize kwa adabu kabla ya makofi, "Watoto hawa ni wa nani, na tumekwenda kwao?"